Nyumba ya kulala kwa siku, Kisasa Dodoma, likizo ya Juni na ukoo wa mume: nyota tatu, ya nne ni ya dada msimamizi

Niseme mapema ili asiye na muda aishie hapa hapa: nyumba nzuri, safi, mtaa umetulia, bei inavumilika mkiwa familia, ila kwenye maji wamenikera, na kama unaenda Dodoma kiangazi na watoto basi maji ndo kitu cha kwanza kuuliza hata kabla ya bei. Mengine yote mtavumiliana.

Jina la nyumba silitaji. Kwanza atakayeumia ni dada anayesimamia pale na yeye hana kosa lolote, pili nyumba za aina hii zimejaa Kisasa, Ilazo, Iyumbu huko, vyumba viwili sebule jiko, geti jeusi, malumalu, jipsamu yenye taa za rangi, picha kwenye simu zote zinafanana, kwa hiyo nayosema hapa yatakusaidia popote utakapofikia.

Kwanini tulipanga nyumba wakati tuna ndugu? Hili swali nimeulizwa na wifi yangu mpaka nikalikariri. Wifi (dada wa mume) anakaa Ipagala na mume wake na watoto wao, na mama mkwe kahamia kwao kutoka Mpwapwa tangu macho yaanze kumsumbua, sasa sisi tunatoka Dar na watoto wetu na mdogo wangu wa kike juu, hebu niambie tunalala wapi. Mume akasema tutajibana, mi nikamwambia kujibana siku mbili sawa, likizo nzima hapana, mtarudi mnachukiana. Tukatafuta nyumba ya karibu ambayo ukitoka na bajaji hata hujakaa vizuri umeshafika kwa wifi. Wifi alinuna kwelikweli, "kwangu hakulaliki?", ikabidi mama mkwe aamue kesi: watoto wote walale kwa shangazi yao, wakubwa mkalale huko kwenye malumalu yenu. Basi chumba cha pili nikawa nakilipia kwa ajili ya mdogo wangu peke yake na mabegi. Ila amani ikapatikana.

Sasa bei. Tulikubaliana 70,000 kwa usiku, mwezi mzima kabla. Wiki ya safari mwenye nyumba ananipigia anasema mama angu hiyo bei ilikuwa ya kawaida, saa hizi Bunge lipo, ni 90,000. Wanaotoka nje ya Dodoma hili huwa halipo kichwani kabisa: Bunge la bajeti linaanza Aprili linaenda mpaka mwishoni mwa Juni, na kipindi hicho mji unajaa wabunge, madereva wao, maofisa wa wizara, watu wa taasisi wanakuja kutetea mafungu yao, kila gesti kila apatimenti bei inapanda na wengine hawapokei hata familia kwa sababu wana wateja wao wa kila mwaka. Shule nazo zinafunga Juni hiyo hiyo. Ukiweza vuta likizo mpaka wiki ya kwanza ya Julai, Bunge limeshafungwa, na kama shule ya watoto bado haijafungua, utapata nyumba hiyo hiyo kwa bei ya kibinadamu. Sisi likizo ya mume ilishapangwa kazini kwake, tukalipa. Lakini kubadilisha bei ya mtu mliyeelewana naye siyo ustaarabu, nusu nyota nimeitoa hapo.

Safari yenyewe sina malalamiko, treni ya SGR (ile reli mpya ya umeme) imebadilisha hii habari ya kwenda ukweni. Zamani basi unatoka alfajiri, Chalinze foleni, Morogoro foleni, Gairo mnashuka kula, unafika Dodoma jua linazama miguu imevimba. Treni hii ilianza kufika Dodoma tarehe 25 Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ilianza na 31,000 na watoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu, ni kama saa tatu na nusu hadi nne umefika. Watoto wetu kazi yao ilikuwa kutazama kioo kinachoonyesha spidi, ikigonga 160 wanapiga makofi behewa zima linageuka. Ukipita Kilosa yanaanza mahandaki, hapo kaa na mtoto dirishani, halafu ukitoka kwenye milima nchi inabadilika ghafla, ukijani unaisha, inaanza mibuyu na vichaka vya rangi ya majivu na mito ambayo ni mchanga mtupu. Mwanangu wa pili akauliza, mama huku kuna moto uliunguza? Nikamwambia hapana, huku ndo kwao baba yako. Mume hakucheka.

Tulivyofika dada msimamizi alikuwa ameshafika getini anatusubiri, kapiga deki, kafungua madirisha, kaweka maji ya kunywa kwenye friji. Nyumba ndani kama picha, hilo nawapa. Kitanda imara, shuka zinanukia jua, choo kinang'aa, televisheni kubwa, AC sebuleni na chumba kikubwa. Jikoni ndo utajua aliyepanga vitu ni mwanaume: glasi za mvinyo sita zimepangwa kwenye kabati, mashine ya kuchemshia kahawa, sufuria mbili ndogo za kuchemshia yai, na MWIKO HAKUNA. Nyumba ipo Dodoma, mji wa ugali, hakuna mwiko wala sufuria ya kusongea. Nikamwambia yule dada, akacheka, akasema dada yangu wanaokuja hapa ni watu wa vikao, wanakula hotelini. Jioni akaja na mwiko wake kutoka kwake, umeliwa pembeni kwa kusonga, na sufuria lake la alumini lenye masizi ukutani. Ndo tuliotumia mpaka mwisho.

AC hatukuiwasha hata mara moja. Watu wakisikia Dodoma wanajua joto, kweli Oktoba na Novemba linawaka, lakini mji upo zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na mwezi wa sita na wa saba usiku joto linashuka mpaka nyuzi 14 hivi, kuna usiku linashuka chini zaidi ya hapo, na ule upepo wake unaopita chini ya mlango usiombe. Nyumba imejengwa kwa joto, madirisha makubwa ya alumini yana upenyo, blanketi ni moja jembamba. Tuliomba blanketi la pili tukaletewa, sawa, ila kwa nyumba inayotoza bei ile blanketi zito liwepo kabatini bila kuombwa. Mtu wa Dar beba soksi na sweta, siyo utani.

Haya, maji.

Kabla ya kulipa nilimuuliza mwenye nyumba, maji vipi? Akajibu yapo muda wote mama, tuna tenki. Tenki lipo kweli, simtank la lita elfu moja juu ya mnara, limepakwa na jina la nyumba. Ambacho hakusema ni kwamba hilo tenki linahudumia nyumba yetu, na ya nyuma ambako kulikuwa na maofisa wanne wa kikao, na kibanda cha mlinzi, na bustani ya maua mbele ya geti. Na maji ya bomba yanakuja kwa zamu, mtaa ule kwa siku zile yalikuwa hayatabiriki. Siku ya kwanza tumeoga kama watu wa Dar, mabomba wazi. Kesho yake asubuhi mdogo wangu yupo bafuni povu kichwani, bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Nikasikia anaita "dada! dada!" kwa ile sauti unajua kabisa kimeumana. Tulimsuuza kwa chupa za maji ya kunywa zilizokuwa kwenye friji, ya baridi, na Dodoma ile asubuhi. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Nampigia mwenye nyumba ananiambia eti tumetumia maji mengi. Nikamwambia baba, sisi ni watu wazima watatu, watoto wamelala kwa shangazi yao, hayo maji mengi nimeyapeleka wapi? Akasema ataleta boza, gari la maji. Boza halikuja siku hiyo. Kesho yake mchana likaja, dereva anadai hela mkononi mwangu! Hapo ndo nilipandisha sauti, na kusema ukweli bila yule dada msimamizi tungegombana vibaya, alimpigia bosi wake mwenyewe akamwambia mbele yetu kwamba wageni hawawezi kulipa boza la nyumba mbili. Mwisho gharama ya boza tukapunguziwa kwenye bili ya mwisho, tukaridhika, lakini siku moja na nusu bila maji kwenye nyumba ya kulipia ni nyota nzima imeondoka.

Na tulioga wapi hiyo siku moja na nusu? Kwa wifi. Tumebeba mataulo kwenye bajaji kama tunaenda bwawani, tunaingia getini wifi kasimama mlangoni mikono kiunoni, hakusema kitu, alimuita tu mama mkwe, "mama, njoo uwaone watu wa malumalu." Kwake kuna simtank la lita elfu tano, chini yake mapipa mawili ya bluu yenye mifuniko, na pembeni ya jiko ndoo zimepangwa mstari, kila moja na kazi yake, hii ya kunywa iliyochemshwa, hii ya kupikia, hii ya vyombo ambayo baadaye inaenda chooni. Watoto wangu walikuwa wameshafundishwa na binamu zao, wananielekeza mimi kata ipi inaingia ndoo ipi. Kuna kata moja nyekundu ole wako uiguse na mkono wenye sabuni.

Shemeji, mume wa wifi, alinieleza vizuri jioni ile. Mji unategemea sana visima vya Mzakwe kule upande wa Makutupora, mvua ya Dodoma kwa mwaka haifiki hata milimita 600 mara nyingi na karibu yote inanyesha Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo ni kukausha tu. Uamuzi wa makao makuu kuhamia ulikuwepo tangu 1973 lakini watu hawakuja kwa wingi mpaka serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016, na kwenye sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu zaidi kidogo ya 400,000, ya 2022 wamevuka 750,000. Akasema, sasa shemeji, hao wote wanaoga. Nikaelewa kwanini kila nyumba pale ina tenki na anayejenga anaweka tenki kabla ya geti. Kwa hiyo mgao simlaumu mtu, hali ya nchi ndo hiyo, ninachomlaumu mwenye nyumba ni kuniambia muda wote wakati anajua.

Kitu kingine cha ukavu ambacho hawakuambii: ngozi. Siku ya pili midomo ya watoto ilishapasuka, mwanangu mdogo akatoka damu puani usiku kabla hatujaondoka kwa wifi, nikaruka juu, mama mkwe akaja taratibu akampaka mafuta ya mgando ndani ya pua na kidole, akamwambia lala mjukuu wangu, ni upepo huo. Haikurudia. Nunua kopo kubwa, paka kila mtu asubuhi na jioni. Na nguo nyeupe acha Dar, lile vumbi jekundu halitoki.

Nikirudi kwenye nyumba, mahali ilipo ni faida kubwa na sitaki nionekane nalalamika tu. Usiku kimya kabisa, mlinzi anajua kazi, duka la Mangi lipo hatua chache, bajaji zinapita. Kwenda mjini tulikuwa tunafika haraka, siku moja tukawapeleka watoto Nyerere Square wakapiga picha na sanamu ya Mwalimu, tukapita kuona msikiti wa Gaddafi ambao ulifunguliwa 2010 na ni mkubwa hasa, mwanangu mkubwa akataka kuhesabu nguzo tukamvuta mkono. Zabibu ndo watoto walikuwa wanaziota njia nzima, ila Juni siyo msimu, zabibu za Dodoma zinavunwa kwenye Februari na Machi halafu tena Agosti na Septemba, tulizopata sokoni zilikuwa kidogo na chachu. Tukaishia kununua zabibu kavu.

Siku bora ya likizo yote ilikuwa Jumamosi ya mnada wa Msalato na hii naiandikia tathmini yake humu humu, nyota tano. Upo nje ya mji kwenye barabara ya Kondoa. Asubuhi ni ng'ombe na mbuzi na kelele za madalali, mchana inageuka sherehe ya nyama. Tulienda ukoo mzima kwenye noah ya jirani yao, mama mkwe kiti cha mbele na fimbo yake. Unachagua mbuzi anayening'inia, unaonyesha na kidole, paja hili na mbavu hizi, anapima mbele yako, anaipasua anaichoma kijiti kirefu, vijiti vinachomekwa ardhini kuzunguka moto vimeinamia makaa, siyo juu ya wavu, nyama inaiva kwa joto la pembeni na mafuta yanachuruzika kwenye kijiti mpaka kwenye mchanga. Hapana viungo, chumvi tu. Inachukua muda, usiende na njaa ya kutetemeka. Ikija kwenye sinia imekatwakatwa, chumvi na pilipili pembeni, ndizi choma, kachumbari, hakuna aliyeongea. Mama mkwe meno yamebaki machache, mchomaji alipomuona akamsalimia kwa Kigogo "mbukwa" akamchagulia mwenyewe maini na nyama laini akamkatia vipande vidogo vidogo kwenye sahani yake, bila kuambiwa na bila kuongeza bei. Hiyo inaitwa huduma. Mwenye nyumba wa Kisasa akajifunze pale kwenye vumbi.

Angalizo la mnada: choo jipange kabla hujatoka nyumbani, na bei uliza kabla nyama haijapanda moto, wakisikia lafudhi ya Dar inapanda yenyewe. Wifi ndo aliongea, kwa Kigogo, sisi tukakaa kimya.

Chakula kingine hatukula nje sana kwa sababu wifi asingekubali. Ugali wa uwele na mlenda mkavu uliopikwa kwa karanga, watoto wangu siku ya kwanza waliutazama unavyovutika wakaangaliana, siku ya nne wanagombania sufuria. Tumerudi na mlenda wa kusaga, karanga na dumu la mafuta ya alizeti, Juni alizeti inakuwa imevunwa na bei inashuka, kwenye treni tulifunga vizuri kwa nailoni mara mbili.

Sasa hesabu ya nyota: usafi na utulivu tano, mahali ilipo nne, jiko mbili, bei na maneno ya mwenye nyumba mbili, maji moja. Ukigawanya ni kama tatu. Ingekuwa yule dada ndo mmiliki ningeweka tano.

Ukipiga simu kwenye nyumba yoyote kule usiulize kama maji yapo, wote watasema yapo. Uliza tenki la lita ngapi, linahudumia nyumba ngapi, bomba linatoka siku zipi, na yakiisha boza analipa nani, na majibu yaandikwe kwenye meseji siyo kwa mdomo. Omba uongee na anayesimamia nyumba, siyo mwenye nyumba, maana mwenye nyumba yupo Dar kama wewe. Desemba tunarudi, wifi ameshasema tunalala kwake wote, na mume amekubali bila kuniuliza, kwa hiyo anayejua pa kukodi godoro la ziada Ipagala aniambie.